DALILI YA MVUA NI MAWINGU: Kuitambua hatari ya kutapika damu kwa mgonjwa wa ini kabla haijatokea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika bwalo la shule)



Nilipokuwa kidato cha pili katika bwalo hili hili, nilikuwa nikikaa karibu na dirisha lile ili hotuba ikizidi urefu niweze kutazama nje. Kwa hiyo nawafahamu vizuri waliokaa dirishani leo, na nitajitahidi nisiwachoshe.

Kazi yangu serikalini ni takwimu, na pengine mlitazamia nizungumze juu ya hesabu ya watu au bei za vyakula. Badala yake nimechagua ini la binadamu. Mimi si daktari. Niliyojifunza nimeyajifunza kwa kuwauliza madaktari na kwa kusoma, na sababu ya kujifunza nitaieleza kabla sijakaa chini.

Nianze na mwenzetu mmoja. Sitamtaja jina, kwa kuwa watoto wake wanaishi hapa hapa Pwani. Wale wa mwaka wetu watamtambua nikisema kwamba alilala kitanda cha juu na mimi cha chini, na kwamba hakuna aliyemshinda kupiga mbizi pale ufukweni. Baada ya shule mimi nilikwenda Mlimani, yeye akarudi kwao, upande wa kaskazini wa mji wa Bagamoyo, akafanya biashara ya samaki. Alikuwa mtu wa swala tano, hakuonja tembo wala gongo maishani mwake.

Usiku mmoja wa mwaka 2016 nilikuwa nimekwenda kumtembelea. Tulikula pamoja, tukazungumza mpaka saa nne. Kabla ya alfajiri shemeji aliniamsha. Mwenzetu alikuwa ameinamia beseni, na beseni lilikuwa na damu. Haikuwa damu ya kutema kwa kikohozi. Ilikuwa damu nyingi, nyingine imeganda mabonge. Tulimfikisha Bagamoyo mjini, akatundikiwa maji, gari likapatikana la kumpeleka Dar es Salaam. Njia ile mnaijua: Kerege, Mapinga, Bunju. Hatukufika Tegeta.

Msibani yalisemwa mengi. Wapo waliosema karogwa kwa ajili ya biashara. Wapo walionong'ona kwamba kumbe alikuwa akinywa kwa siri. Siku ya tatu, baada ya hitima, shemeji aliniletea mfuko wa nailoni akasema: "Shemeji, wewe umesoma. Hebu nitazamie haya makaratasi, kama kuna deni la hospitali." Deni halikuwapo. Mlikuwa na karatasi mbili za miaka miwili kabla, kila moja ya mahali pake. Moja ilikuwa ya vipimo vya damu, alivyofanyiwa alipokuwa na homa. Nyingine ilikuwa ya altrasaundi, alipolalamika tumbo kujaa.

Nilizisoma nisielewe, nikampelekea daktari mmoja ninayefahamiana naye. Alizitazama kwa muda, akaziweka mezani moja kando ya nyingine, akasema: "Hizi zingesomwa pamoja, zingemwonya." Maneno hayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo.

NAMNA INI LINAVYOLETA DAMU MDOMONI

Ndugu zangu, damu yote inayotoka tumboni, kwenye matumbo na kwenye bandama (ambalo wengine huliita wengu) hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa ukaingia kwenye ini. Ini huichuja, kisha damu huendelea kwenda moyoni.

Ufikirieni Mto Ruvu. Maji yake hushuka kutoka milima ya Uluguru, yakapita bondeni, yakaingia baharini karibu na mji wetu. Sasa chukulieni kwamba mdomo wa mto umezibwa na mchanga. Maji hayatasimama. Yatarudi nyuma, yatapanda, yatatafuta vijito vidogo vya mashambani ambavyo havikuumbwa kubeba mto mzima. Kingo za vijito hivyo ni udongo mwembamba, na siku moja zitabomoka.

Ini likiumwa kwa miaka mingi hujaa makovu, likawa gumu na lenye vinundu. Hali hiyo madaktari huiita sirosisi. Damu hushindwa kupita vizuri, shinikizo hupanda, na damu hutafuta njia za pembeni. Mojawapo ya njia hizo ni vimishipa vidogo vilivyomo ndani ya umio, yaani bomba la chakula litokalo kooni kwenda tumboni. Vimishipa hivyo huvimba vikatuna, na havitoi maumivu yo yote. Mtu hula, hulala, huenda kazini. Siku vinapopasuka ndipo mtu hutapika damu, au hupata choo cheusi kama lami.

Hata katika hospitali zenye kila kifaa, kati ya wagonjwa 100 wanaotoka damu namna hii, 15 hadi 20 hufariki katika muda wa majuma sita. Kwa aliye mbali na hospitali kubwa, hesabu haiwezi kuwa nyepesi kuliko hiyo. Kwa hiyo swali la maana si "tufanye nini damu ikitoka?" peke yake. Swali ni "tutajuaje kabla haijatoka?"

KUMEZA KAMERA, NA KWA NINI HAITOSHI

Njia ya hakika ya kuiona mishipa hiyo ni kumpitishia mgonjwa mpira mwembamba wenye kamera, kutoka mdomoni hadi tumboni. Kipimo hiki huitwa endoskopi. Ni kizuri, na kina faida kwamba daktari akiiona mishipa iliyotuna anaweza papo hapo kuifunga kwa vipete vidogo vya mpira.

Lakini si kila mgonjwa wa ini ana mishipa ya hatari. Wengi wao, hasa wenye ugonjwa ambao haujafika mbali, huwa hawana. Kumtoa kila mmoja wao Saadani au Mkwaja, kumpeleka Muhimbili na kumpitishia mpira kooni kila baada ya muda ni gharama na usumbufu mkubwa, na wale wachache wenye hatari watakuwa wanangoja nyuma ya foleni ya wasiokuwa nayo. Ndiyo maana wataalamu wa nchi mbalimbali wametafuta njia ya kuikisia hatari kutoka nje, bila ya kuingiza cho chote mwilini zaidi ya sindano ya kutolea damu.

Hapo ndipo karatasi mbili za mwenzetu zinapohusika.

MAWINGU MATATU

Wingu la kwanza ni chembe sahani. Hizi ni chembe ndogo ndani ya damu zinazosaidia kuigandisha mtu anapojikata. Katika karatasi ya maabara mtu mzima mwenye afya huwa na 150 hadi 400 au zaidi kidogo, maana yake ni 150,000 hadi 400,000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Shinikizo linapopanda kwenye mshipa wa ini, bandama hujaa damu, likavimba, likaanza kuzizuia chembe hizo ndani yake. Juu ya hayo, ini lenyewe ndilo linalotengeneza kichocheo kinachouamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe sahani. Ini likichoka, amri hupungua. Kwa sababu hizo mbili, hesabu ya chembe sahani hushuka polepole kadiri ugonjwa unavyoendelea. Mwenzetu alikuwa na 82.

Wingu la pili ni kimeng'enya ambacho maabara hukiandika kwa herufi AST. Hukaa ndani ya seli za ini, na seli zikiumia huvuja na kuingia kwenye damu. Kila maabara huandika kiwango chake cha juu cha kawaida. Chake kilikuwa 40. Mwenzetu alikuwa na 96.

Wingu la tatu ni ukubwa wa bandama katika altrasaundi. Kwa kawaida urefu wake hauzidi sentimita 12 au 13. Lake lilikuwa sentimita 17.

Wanafunzi, toeni kalamu. Mwaka 2003 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza hesabu moja fupi inayoitwa APRI. Gawanya AST ya mgonjwa kwa kiwango cha juu cha kawaida, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa hesabu ya chembe sahani. Kwa mwenzetu: 96 kwa 40 ni 2.4. Mara 100 ni 240. Gawanya kwa 82, unapata karibu 2.9. Hesabu hii hukisia makovu ya ini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani juu ya homa ya ini aina ya B, uliotolewa mwaka 2015, ulisema kwamba mtu mzima mwenye zaidi ya 2 anadhaniwa kuwa na sirosisi. Baadaye tafiti zilizofanywa katika nchi za Afrika zilionyesha kwamba kiwango hicho kiliwaacha nje wagonjwa wengi, na mwaka 2024 Shirika lilikishusha hadi 1 kwa sirosisi, na 0.5 kwa makovu yanayostahili dawa. Kwa kiwango cha zamani au kipya, mwenzetu alikuwa ndani.

Mwaka huo huo wa 2003 madaktari wa Italia walitangaza hesabu nyingine, inayoilenga mishipa ya umio yenyewe. Chukua chembe sahani kwa ukamilifu wake, gawanya kwa urefu wa bandama kwa milimita. Walikuta kwamba mgonjwa wa sirosisi aliye chini ya 909 ndiye wa kudhaniwa kuwa na mishipa iliyotuna. Mwenzetu: 82,000 gawanya kwa 170, jibu ni 482.

Hesabu hizi zote ni za kiwango cha kidato cha kwanza. Tarakimu zote zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni uliotundikwa ukutani kwa miaka miwili. Simlaumu aliyepima homa, maana aliulizwa juu ya homa. Simlaumu aliyepima tumbo, maana aliulizwa juu ya tumbo. Ila hapakuwa na mtu aliyeziweka karatasi mbili juu ya meza moja, na mwenzetu mwenyewe hakujua kwamba yafaa kuziweka.

TAHADHARI ZA PWANI YETU

Hapa sina budi kutoa onyo, kusudi mtu asiende nyumbani akachukua karatasi ya mjomba wake akamtangazia kifo.

Onyo la kwanza: malaria. Sisi watu wa Pwani tumezaliwa nayo. Malaria nayo hushusha chembe sahani, na malaria ya mara kwa mara nayo huvimbisha bandama. Homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hushusha chembe sahani vile vile. Kwa hiyo hesabu iliyopatikana mtu akiwa na homa haitoshi kuhukumu. Yapasa atibiwe, apone, kisha arudie kipimo baada ya majuma kadhaa. Chembe zikirudi juu, ilikuwa homa. Zikikataa kurudi, ini linastahili kuulizwa. Mwenzetu alipona homa yake, na hakurudia kipimo.

Onyo la pili: kichocho. Huku kwetu na Unguja na Pemba kichocho tunachokijua ni kile cha mkojo, kinachoshambulia kibofu. Kule Ziwa Victoria, kwa mfano Ukerewe, kipo kichocho cha matumbo, ambacho mayai yake huziba vijia vya damu ndani ya ini. Kule ndicho sababu kubwa ya watu kutapika damu. Mgonjwa wa aina hiyo ini lake huweza kuwa bado linafanya kazi vizuri, hivyo hesabu zilizotungwa kwa ajili ya sirosisi zinaweza kumpotosha. Yeye hupimwa zaidi kwa altrasaundi, na mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, nchini Niger, wakakubaliana namna moja ya kuyasoma makovu yake. Nasema haya kwa kuwa wengi wenu mtapelekwa kufanya kazi mikoa ya ziwa, na huko mtaoga na kuvua.

Onyo la tatu ndilo kubwa, na nalisema kama mtu wa takwimu. Hesabu hizi hazitabiri siku. Hazisemi fulani atatapika damu mwezi wa Juni. Kazi wanayoifanya vizuri zaidi ni kumtenga asiye na hatari. Tangu mwaka 1990 wataalamu wa ugonjwa huu wamekuwa wakifanya vikao vilivyopewa jina la Baveno, mji mdogo kando ya ziwa huko Italia. Katika kikao cha mwaka 2015 walikubaliana hivi: mgonjwa wa sirosisi ambaye hali yake bado ni nzuri, mwenye chembe sahani zaidi ya 150,000, na ambaye ugonjwa wake umepimwa kwa mashine ya kupima ugumu wa ini ukawa chini ya kilopaskali 20, anaweza kuepushwa kamera kwa wakati huo, kisha apimwe tena kila mwaka. Uwezekano wa kumkosea ni chini ya 5 kwa 100.

Mashine hiyo husukuma mtikisiko mdogo kupitia ngozi na kupima mwendo wake, kama fundi anavyogonga nazi kusikiliza kama ina maji. Ni ghali na haiko kila mahali. Chembe sahani na altrasaundi zinapatikana karibu zaidi. Kwa hiyo aliye na chembe chache na bandama kubwa, na hana homa, aambiwe: "Wewe ndiwe wa kwenda kumeza kamera." Haambiwi kwamba atakufa. Anaambiwa kwamba nafasi katika foleni ni yake.

MTU AKISHAJUA, AFANYE NINI?

Ingekuwa kujua hakuna faida, nisingewasumbua. Lakini yapo ya kufanya, na mengi si ya gharama kubwa.

Kwanza, ipo dawa ya siku nyingi iitwayo propranololi. Ilibuniwa katika miaka ya 1960 na mwanasayansi James Black wa Uingereza kwa ajili ya moyo. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Ufaransa walionyesha kwamba inashusha shinikizo kwenye mshipa wa ini, na wagonjwa waliokwisha kutoka damu hawakurudia kutoka damu kwa wingi kama wenzao. Siku hizi dawa ya jamii hiyo hiyo iitwayo kavedilolo hupendelewa zaidi. Lakini si dawa za kujinunulia dukani: mwenye pumu zinaweza kumdhuru, na kipimo chake hupangwa na daktari.

Pili, mishipa mikubwa hufungwa kwa vile vipete vya mpira, kabla haijapasuka.

Tatu, yapo ya kuacha. Pombe ya kila aina, iwe ya chupa, tembo la mnazi, au gongo. Vile vile dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi hununua kama karanga. Kwa mwenye mishipa iliyotuna dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Nne, na hili ni la msingi, litibiwe lile linalolijeruhi ini. Hapa kwetu sababu moja kubwa ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kirusi hiki hupita kwa damu, kwa kujamiiana, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na baina ya watoto wadogo wanaocheza na kujeruhiana. Hakipiti kwa kula sahani moja wala kwa kupeana mikono. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi nacho. Mtoto mchanga akikipata, karibu mara 9 katika 10 hubaki nacho maisha yake yote. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili hukifukuza.

Dawa yake ipo, kidonge kimoja kwa siku kiitwacho tenofovi, kile kile kilichomo katika dawa za Ukimwi. Hakikiondoi kirusi, bali hukilaza. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa waliokitumia kwa miaka mitano: kati ya 96 waliokuwa na sirosisi walipoanza, 71 hawakuwa nayo tena. Ndugu zangu, tulifundishwa zamani kwamba kovu la ini halifutiki. Sasa tunajua kwamba kwa wengi mchanga wa mdomo wa mto unaweza kuzolewa, mradi tusingoje mpaka kingo zibomoke.

SABABU YANGU

Nimeahidi kueleza sababu ya kujifunza haya yote.

Yule daktari alipomaliza kusoma karatasi za mwenzetu, aliniuliza: "Na wewe umepima?" Nikamwuliza kwa nini mimi. Akasema: "Kwa sababu una umri wake." Nilikataa siku ile. Nilikataa kwa miezi mitatu. Niliogopa, na niliona haya. Nilijiambia kwamba nina mke, nina watoto, nina ofisi. Nilipokwenda nilikutwa na kirusi hicho.

Wenzangu mnaokumbuka siku za kufungua shule mnakumbuka wembe wetu. Wembe mmoja, vichwa kumi, foleni nyuma ya bweni. Kwa muda mrefu niliamini kwamba pale ndipo mimi na mwenzangu tulipoupata ugonjwa huu, na pengine kwamba mmoja alimpa mwingine. Daktari alinisahihisha. Alisema yaelekea zaidi kila mmoja wetu aliupata utotoni, kabla hatujaiona shule hii. Sitajua kamwe. Ila nawaomba wanafunzi, wembe uwe wa mtu mmoja.

Chembe sahani zangu zilikuwa 168, na AST 52. Wanafunzi mliotoa kalamu mmekwisha pata: 0.77. Bandama langu lilikuwa sentimita 11.8. Baada ya vipimo vingine, pamoja na cha wingi wa kirusi mwilini, nilianzishiwa dawa. Kipimo cha mwisho kilikuwa chembe sahani 205 na AST 28. Hesabu hiyo ni 0.34. Mke wangu na watoto walipimwa, wakaonekana salama, na yeye akachanjwa.

Hii ni mara ya kwanza kuyasema hadharani, hata ofisini kwangu hawajui. Nimechagua kuyasemea hapa kwa kuwa ukumbi huu umegawanyika sehemu mbili, na mpaka kati yake ni mwaka mmoja. Tanzania Bara ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya kirusi hiki mwaka 2002. Ninyi mliokaa mbele mmezaliwa baada ya mwaka huo, na kadi zenu za kliniki, kama mama zenu wamezitunza, zinaonyesha chanjo tatu. Sisi tuliokaa nyuma tulizaliwa kabla. Hakuna aliyetuchanja. Kwa hiyo si matusi wala tuhuma nikisema kwamba katika viti vya nyuma huenda tuko zaidi ya mmoja.

Wazee wetu walikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Walikaa vikundi vikundi kando ya redio, wakasikiliza, kisha wakanyanyuka wakachimba vyoo. Na mimi sipendi tutoke hapa na makofi matupu. Naomba mambo matatu.

Kwa wenzangu wa zamani: kila mmoja apime homa ya ini aina ya B kabla hatujakutana tena. Asiyekuwa nayo achanjwe. Aliyekuwa nayo asijifungie chumbani kama nilivyojifungia mimi. Aende aulize chembe sahani zake, AST yake na bandama lake, na karatasi zote azitunze katika faili moja, azipeleke zote kila anapokwenda.

Kwa wanafunzi: mnaporudi likizo, waulizeni wazazi wenu swali hilo hilo. Mkiona mtu anapata choo cheusi kama lami, au tumbo linajaa maji, au macho yanageuka manjano, msiache aitwe mlevi au aliyerogwa. Na mliotimiza miaka 18, gari la Damu Salama likifika shuleni, msikimbie. Mpango wa Taifa wa Damu Salama umekuwa ukiwategemea sana wanafunzi wa sekondari. Chupa mliyoitoa huenda ikatundikwa usiku wa manane kwa mtu anayetapika damu, na damu yenu nayo hupimwa kirusi hiki. Mtakuwa mmejipima pia.

Kwa Umoja wetu: tunazo fedha kidogo za kupaka rangi bweni. Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, na nitaandika hoja rasmi, kwamba kabla ya rangi tulipie siku moja ya kupima kwa walimu, wapishi, walinzi na wanafunzi wote wa zamani watakaohudhuria mwakani.

Wavuvi wa Bagamoyo hawamngoji kusi apige ndipo washushe tanga. Hutazama mbingu asubuhi. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mwenzetu mawingu yalitanda miaka miwili mizima, yameandikwa kwa tarakimu, yametundikwa ukutani.

Ndugu Mwenyekiti, faili langu ninalo hapa mkononi. Ye yote anayetaka kuona jinsi karatasi hizo zinavyosomwa anikute chini ya mwembe baada ya chakula. Nitakaa mpaka wa mwisho aondoke.